Urbani na Meno ya Scholastica

Miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, na kila kampuni ikajifungulia ghala Mbinga mjini, Urbani Kapinga alikuwa mkaguzi katika mojawapo. Kazi yake ilikuwa kung'ata. Mkulima akishusha gunia, Urbani alichota punje chache, akamenya maganda, akang'ata moja. Ikiwa ngumu, kahawa imekauka. Ikibonyea, mwenyewe arudi nayo akaianike tena. Wakulima wa kijiji cha Maguu walimwogopa, naye aliipenda hofu yao kuliko alivyopaswa.

Msimu ulipopamba moto, gego likaanza kumwuma. Shavu likavimba kama la mtu aliyeficha andazi. Lakini mkaguzi akiri kwamba hawezi kung'ata? Afadhali afe na jino lake. Akamnong'oneza Scholastica, mama aliyekuwa akichambua punje karibu naye.

"Dada Schola, hebu ning'atie hii."

"Na hiyo nyingine?"

"Na hiyo. Ikiwa mbichi, tikisa kichwa tu, nitaelewa."

Kwa wiki tatu Scholastica aling'ata, na Urbani akatoa hukumu kwa sauti nzito iliyopitia upande mmoja wa mdomo. Kahawa ya wiki zile ilipofika mnadani Moshi, ikasifiwa kuliko zote za kampuni. Meneja Ambokile, mtu wa Tukuyu aliyependa sherehe, akaandaa pilau kabla ya Krismasi, na familia zote zikaalikwa. Mfanyakazi hodari, wa kupewa cheti na redio: Urbani.

Hotuba alikuwa ameikariri siku nne. Alimshukuru Mungu, mapadre waliomfundisha shuleni Kigonsera, mama yake mzazi, meneja, mke wa meneja, hata aliyepika pilau. Akamwona Scholastica nyuma kabisa, amezungukwa na wanawe, anapiga makofi. Jina likamfika kooni, likarudi lilikotoka. "Kipawa hutoka kwa Mungu," akamalizia, "lakini meno ni mazoezi."

Nyumbani, mkewe Devotha alikisoma cheti taratibu. "'Kwa umahiri wa kutambua kahawa bora.' Baba Getrude, si wewe uliyekunywa uji wiki tatu?"

Urbani akaiwasha redio aliyozawadiwa, akaongeza sauti.

Jumatatu alikwenda kukiri. Njiani alijipa moyo kwamba meneja angeguswa na uaminifu wake, pengine angemwandikia cheti cha pili. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mkaguzi wangu ni yule mama?"

"Ndiyo, bwana meneja. Nimeona niwe mkweli."

"Umefanya vizuri sana."

Kabla ya saa sita mchana Scholastica alikuwa amekalia kiti cha mkaguzi, na Urbani amepewa sindano ya kushonea magunia.

Jioni alimpelekea ile redio. Scholastica hakuipokea.

"Kaka Urbani, mimi redio ya nini? Wanangu walikuwapo pale. Ungelitaja jina langu tu, wakalisikia."

Urbani, bingwa wa hotuba, akaibeba redio yake akarudi nayo nyumbani.

Msimu uliofuata, mshindi alipokuwa Scholastica, Urbani alimwomba meneja amwachie yeye atangaze. Akasimama mbele ya watoto wale, akalitaja jina, Scholastica Ndimbo, akalirudia, akaeleza jino lilivyouma na nani aling'ata. Watu walicheka mpaka pilau ikapoa. Alikuwa anaanza kulitaja mara ya nne meneja alipomvuta shati akae.