Masizi ya Chungu Kipya

Juzi mjukuu wangu alikuwa anasugua kivuli cha penseli kwa kidole, nikakumbuka mchoraji wa mabango wa Sumbawanga, enzi maduka mapya yalipokuwa yanafunguliwa. Alitufundisha watoto kuchora kwa mkaa. Aliahidi kuwa atakayechora chungu kikaonekana cha mviringo atapaka naye ukuta wa duka. Niliutaka ukuta ule.

"Weusi uwe upande usio na jua," alisema.

Nikaupaka chini, kama masizi ya vyungu vya mama kule kijijini Mollo.

"Hicho kimetoka jikoni!" wenzangu wakacheka.

Fundi akaweka chungu kipya juani. Ubavu mmoja mweusi. Nikaufuta kwa mate, kidole kikatoka safi.

"Fundi, masizi gani haya hayatoki?"

"Kizungushe."

Nikakizungusha. Weusi ukabaki palepale, upande usio na jua. Nikarudia kuchora.

Ukuta ule niliupaka na fundi, nikamfuata kwenye kuta nyingine, na darasa la nne sikumaliza.