Aliyemenya Viazi

Mama alipanda mgomba mmoja tu maishani mwake, na baba akaung'oa. Ulikuwa nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, na kwa nchi kavu kama yetu ya Mungaa mgomba kuota ni jambo la kuitana majirani. Ulipoanza kutoa mkungu, baba alichukua jembe mchana kweupe, akaung'oa na kuukatakata, akaenda kuutupa mbali kule kwenye majabali. Aliporudi alinawa mikono mpaka mama akamnyang'anya ndoo.

"Mgomba umekukosea nini, baba watoto?"

"Siwezi kulala na mgomba dirishani," alisema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo ndizi hazikuingia kwetu. Nilipotumwa gulioni Ikungi nilizila njiani na maganda nikayatupa kabla ya kufika nyumbani, nikanuka ndizi na kujifanya sijui kitu.

Halafu kulikuwa na kopo. Kopo la bati, mpini wake umepinda. Kila jua likizama baba alilijaza maji safi na kuliweka nje ya mlango, upande wa kushoto. Asubuhi alimwagia mpapai. Kijijini watu hawana kazi, wakasema baba anafuga kitu. Kuna mama mmoja aliwakataza wanawe kunywa maji kwetu. Shangazi alileta mganga, mama akaleta mchungaji. Baba aliwaheshimu wote wawili, kila mmoja akaondoka na kuku wake, na jioni kopo likawekwa palepale. Mimi nililiogopa kopo lile. Hata nikiwa msichana mkubwa nilipita mlangoni nikiangalia kulia.

Tulijua baba aliwahi kuwa mwanajeshi enzi za vita ya kumfukuza nduli, lakini hakuwahi kusimulia. Niliyajua mengine mwaka juzi, wakati wazee waliopigana Uganda walipotakiwa kupeleka vyeti vyao Ikungi waandikishwe. Nina cherehani yangu Ikungi, karibu na maofisi, kwa hiyo baba alipofika na koti lake lililonyooshwa kwa pasi alipita kwanza kunisalimia. Alikuwa na furaha kama mtu anayekwenda harusini. Hakuchukua muda kurudi.

Karani alikuwa amemsomea cheti chake cha kumaliza jeshi, ambacho baba mwenyewe, kwa shule yake ya kuungaunga, alikuwa amekitunza miaka yote bila kukielewa vizuri. Kiliandika kwamba alikuwa mpishi kambini. Kwenye utumishi nje ya nchi kiliandika: hakuna. Ukweli ni kwamba vita ilipopamba moto waliwatoa hata watu wa jikoni wakawapa bunduki, wakavuka mto Kagera na wenzao, ila karatasi za jikoni zilibaki jikoni.

Nilidhani analilia heshima, au chochote kitakachotolewa kwa wazee. Nikamwambia aachane nayo, ya serikali hayaishi. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akashika magoti.

"Mwanangu, kama sikwenda, huyu anayekuja kuniomba maji ametoka wapi?"

Nilisimamisha cherehani. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema kopo ni la nani.

"Watu wanasema nina wazimu," akaendelea. "Nilikuwa najiambia, waache waseme, ipo karatasi inayojua. Leo karatasi nayo inasema kama wao."

Basi nikaelewa, na nikakasirika kama ninavyojua kukasirika mimi. Nilikwenda ile ofisi nikaongea mpaka walinzi wakanijua. Karani, kijana mgeni katika mkoa wetu, mpole tu, alisema cheti kinaweza kurekebishwa akipatikana mtu aliyekuwa naye kule. Na mtu huyo alikuwepo, Misigiri huko Iramba: Mnyiramba mmoja aliyekuwa kikosi kimoja na baba, mtani wake wa kufa na kuzikana, maana sisi Wanyaturu na Wanyiramba ni watani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu na mtani wake hawasalimiani kama watu wengine. Wawili hawa walikuwa wakitukanana kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa, na tusi la yule mzee lilikuwa moja tangu sijazaliwa: kwamba baba hakupigana vita yoyote, alikuwa anamenya viazi. Karani akapiga simu, akaweka sauti ya wazi, baba na mimi tumekaa mbele yake. Akauliza kwa adabu kama mzee anamfahamu fulani wa Mungaa, na kama alivuka naye kwenda Uganda.

"Nani? Huyo Mnyaturu?" Kicheko kikajaa ofisi. "Huyo alikuwa anamenya viazi! Risasi kaisikia redioni!"

Na baba yangu, badala ya kumwomba aseme kweli, akainama kwenye simu. "Na wewe je? Si ulikuwa unafua soksi za afande?"

Wakacheka wote wawili. Mtani hakasirikiwi, na ukimjibu kwa upole umemvunjia heshima. Karani hakucheka. Aliandika kwamba shahidi amekanusha. Nilipomweleza kuwa ule ni utani alinitazama kwa huruma, akasema yeye huandika alichosikia. Ombi likakataliwa.

Sikuongea na baba siku mbili tatu. Halafu tukasikia mtani wake yuko kitandani, hali si nzuri, nikafunga kibanda tukaenda Misigiri.

Tulimkuta sebuleni amelazwa kwenye godoro, amebaki mifupa na macho. Alipomwona baba akajiinua kwa kiwiko.

"Mmewahi kuja kuzika. Jeneza halijafika, rudini kesho."

"Tumekuja kupima shimo," baba akasema. "Wanyiramba mna miguu mirefu."

Niliona wanaanza tena. Nikapiga goti. "Shikamoo baba. Naomba leo utani tuuweke kando. Baba yangu anakwisha."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamwambia baba atoke akaangalie mbuzi wake kama wamefungwa. Baba akatoka, naye akaanza kusema, taratibu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye simu.

Walikuwa watatu ndani ya shamba la migomba. Yule wa tatu, kijana mwenzao, alipigwa tumboni akawa anaomba maji. Chupa zao zilikuwa tupu. Baba alichukua kopo lake la jikoni akashuka bondeni, na alipokuwa akirudi amri ikatoka kwamba waondoke upesi.

"Alikuwa na maji mkononi," mzee akasema. "Kopo limejaa. Imebaki kutoka hapa mpaka kwenye ile nyumba ya jirani. Mimi ndiye niliyemvuta. Nilimvuta kwa mkanda kama ng'ombe, maji yakamwagika, na yule mtoto wa watu anatuita."

Nje nilimsikia baba akizungumza na mbuzi.

"Tuliporudi nyumbani nikaona mwenzangu hawezi kulibeba jambo lile. Nikaanza maneno ya viazi. Nilitaka apate hata siku moja ya kuamini hakuwepo. Na mimi, nikisema sana, niliamini kidogo kwamba sikumvuta mtu." Akafuta mdomo kwa shuka. "Sasa wewe unataka iandikwe. Una hakika ndicho anachotaka?"

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka, maana niliogopa asije akabadili mawazo. Mtendaji wa kijiji akaitwa, maelezo yakaandikwa, mzee akaweka sahihi. Baba akaingia. Walitukanana kidogo, bila nguvu, tukaondoka.

Cheti kilichorekebishwa kilifika baada ya mvua. Nilimsomea baba palepale kibandani: alitumikia ndani na nje ya nchi. Nilikuwa nimeshanunua soda ya kusherehekea. Akaniomba nisome tena. Nikasoma.

"Basi ni kweli," akasema.

"Si ndicho ulichotaka, baba?"

"Ndicho." Aliikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikatosha kiganjani. "Ila kuna siku nilikuwa nasema labda karani anajua kuliko mimi. Labda nilimenya viazi tu."

Soda haikufunguliwa. Nilikaa nikimtazama mzee wangu, nikaona kwamba sasa hapakuwa na mtu wa kumwambia vinginevyo, labda mmoja tu, kule Misigiri.

Mmoja huyo alifariki wiki hiyohiyo.

Tulifika wakati jeneza linateremshwa. Watani wengine walikuwa wameshaanza kazi yao. Mmoja amevaa kofia ya marehemu anatembea kama yeye, mwingine ameficha sepetu anadai alipwe kwanza. Baba akawapita wote na mfuko wake wa rambo. Akavaa koti la marehemu lililokuwa kwenye kiti, likamfika magotini, akapanda juu ya lundo la udongo.

"Mnamlilia nini huyu?" akapiga kelele. "Mnadhani ni askari? Huyu hakwenda popote! Hakumvuta mtu, hakumwacha mtu! Tulikuwa wote jikoni, tunamenya viazi!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mjane alicheka na machozi yake. Nilicheka pia, kisha nikashindwa kuendelea, nikashika mdomo kwa khanga.

Baba akaruka ndani ya kaburi. Mtani anaruhusiwa, na vijana wakaanza kumrushia sarafu ili atoke. Hakuziokota. Nilisogea ukingoni kumpa mkono, ndiyo maana niliona. Alitoa lile kopo la mpini uliopinda kwenye mfuko, akamimina maji kutoka kwenye chupa mpaka likajaa, akaliweka juu ya jeneza, upande wa kichwa. Alilishika kwa mikono miwili mpaka likatulia.

"Mpelekee," alimwambia. "Safari hii usimwage."