Jiwe Jeusi Jikoni kwa Mama Mikate

Zamani mtu alitengeneza jiko ili apikie. Siku hizi analitengeneza ili alipige picha.

Mama Mikate alikuwa mke wa marehemu rafiki yangu seremala, ambaye alimwachia mtoto mmoja wa kiume na kaunta ya mvule iliyokwenda ukuta mzima, kutoka mlangoni hadi kwenye sinki. Juu ya kaunta hiyo alikanda unga tangu akiwa bibi harusi. Watoto waliotumwa kununua mikate yake walikua, nao wakaanza kuwatuma wa kwao. Pale alipokandia, mbao ilibonyea kama godoro la mtu mmoja. Baada ya bonde hilo palikuwa na duara lililounguzwa na sufuria, kisha chale za kisu, kisha fundo la mti, kisha sinki.

Ninazitaja alama hizi kwa sababu ndizo zilizokuwa macho yake. Macho yenyewe yalikuwa yanazima. Mwanzoni nilidhani ameanza maringo, maana nilimpungia mkono barabarani akapita kama hakuona mtu. Kisha siku moja nikamkuta jikoni anatambaza vidole kwenye mbao: bonde, duara, chale, na kisu akakidaka pale pale. Nilisimama mlangoni.

"Shemeji, acha kunivizia kama mwizi," akasema. "Nakusikia unavyopumua."

"Mwanao anajua?"

"Akijua atanihamishia kwake ghorofani, niwekwe kwenye kochi kama mto. Na wewe usinitangaze."

Mwanawe, ambaye mtaa ulimwita Bosi tangu siku aliyovaa tai, alikuja na mkewe kumtengenezea mama jiko jipya. Nia yao ilikuwa njema. Nalisema hilo ingawa linanichoma. Walikuja na fundi wa mawe, akapanga vipande vyake juu ya mvule.

"Mama, chagua mwenyewe," Bosi akasema. "Hii marumaru, hivi vigae, hii graniti."

Mama Mikate akavipapasa kimoja kimoja.

"Marumaru ikidondokewa na ndimu, doa halitoki. Vigae vina mifereji, unga utaganda humo mpaka mende wafanye mkutano." Alipofika kwenye graniti akaondoa mkono. "Hii baridi kama mgongo wa chura. Kwani mbao imekosa nini?"

"Imechakaa, mama! Ona ilivyobonyea."

"Hili jiwe mama, vitukuu watalikuta," fundi akasema.

"Watalikuta lenyewe. Mimi je?"

Wakacheka. Nikasema seremala mwenyewe angeipiga randa, aipake mafuta, basi.

"Baba mdogo, wapiga randa wenyewe siku hizi wako wapi?" Bosi akauliza.

"Haya wanangu," Mama Mikate akasema taratibu. "Mtakavyo nyinyi."

Sisi tulilelewa kujua kwamba mama akisema hivyo, amekataa. Mtoto husikia, hurudi nyuma, na jambo halitajwi tena. Bosi alisikia ruhusa. Akamwambia mkewe, "Umeona? Amekubali," na fundi akatoa futi yake kupima. Mama angeweza kuwazuia kwa kusema haoni, lakini neno hilo ndilo lingemtoa nyumbani kwake.

Mvule ikang'olewa na kutupwa kwenye ua. Graniti ikaja, nyeusi, laini mwanzo hadi mwisho, haina bonde wala duara. Mkwe akawa anafuata kila kidole cha mama kwa kitambaa. "Jiwe hili linashika alama, mama," akasema kwa upole.

Walipoondoka, nikaanza kusikia vikombe kutoka kwangu, nyumba ya pili. Kwenye mbao kikombe kikitua vibaya hugonga tu. Kwenye jiwe kinapasuka. Vikombe, sahani, kisha chupa ya mafuta. Nikawa naenda kufagia vigae vya vyombo.

"Shemeji, umeanza kulewa?" nikamtania.

Hakunirudishia utani. "Nimepotea," akasema. "Nimepotea jikoni kwangu."

Nikambandikia vipande vya plasta ukingoni, kimoja kwa ajili ya unga, viwili kwa kisu, vitatu kwa sinki. Akaanza kukanda tena, akaanza hata kunisema. Mkwe alipokuja kutembea akavibandua vyote, akidhani ni uchafu walioacha mafundi, na akamsugulia mama jiwe lake likang'aa.

Mchana huo huo mama akawamiminia chai. Akaimimina kando ya kikombe, ikatapakaa jiwe lote, ikatiririka hadi miguuni kwake, naye akaendelea kumimina. Bosi akanyoosha mkono mbele ya uso wake.

"Mama, hivi vidole vingapi?"

"Hivyo hivyo vya kufungia tai," akajibu.

Hakuna aliyecheka. Bosi alikuwa amemnyooshea ngumi, bila kidole hata kimoja.

Niliwaona mara ya mwisho mbele ya nyumba, gari likiwa limeshajaa mizigo. Nilikuwa nimekata kipande cha mvule chenye bonde, nikakipeleka dirishani. Bosi akasema kwake hakuna pa kukiweka, akanishukuru, "Ahsante sana, baba mdogo." Mama Mikate hakusikia, alikuwa ameinama kwenye kiti cha mbele, akitambaza vidole juu ya dashibodi, kutoka mlangoni kwake hadi kwenye usukani, akirudi, akitafuta. Bosi akachukua kitambaa, akafuta dashibodi nyuma ya vidole vya mama, kisha akawasha gari.