Shukrani za Gari Jeusi

Jumapili ya shukrani, katika kanisa letu la Peckham, kila muumini hupewa dakika moja ya kumshukuru Mungu hadharani. Mzee mmoja wa kanisa alichukua kumi na moja.

"Bwana asifiwe!" alisema, ameinua ufunguo juu kama anaubariki. "Wapendwa, sisemi kwa kujisifu. Nilikuja London na begi moja tu, leo Mungu amenipa gari jipya. Jeusi. Paa la kioo. Mkitoka mtaliona, liko pale mlangoni kabisa."

Akina mama wakapiga vigelegele, nasi tukapiga makofi.

Ibada ilipokaribia kwisha, mhudumu wa mlangoni alikuja akamnong'oneza mchungaji. Mchungaji akashika maikrofoni: "Kuna gari jeusi limeziba njia ya viti vya magurudumu. Teksi ya bibi yetu imefika na hawezi kupita. Mwenye gari atusaidie."

Mzee wetu alifungua Biblia, akainama kama mtu anayefanya mtihani. Ufunguo ulikuwa umeshaingia mfukoni. Na sisi tuliolishangilia gari hilo tukatazama dari.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, koti limeshafungwa vifungo vyote. Akasema kwa sauti: "Si kasema amepewa na Mungu? Basi mwombeni huyo Mungu aje aliondoe."

Mimi shukrani zangu bado sijatoa. Nikiitwa mbele, nitatoka nje kwanza, nione nimemzibia nani njia.