Mvukuta Kinanda wa Aldercote

Mjomba wangu Enoch Preece alivukuta kinanda cha kanisa letu kwa miaka thelathini, na mgeni aliyesali kijijini kwetu Aldercote Jumapili moja akaenda zake hakujua kama kuna mtu kama huyo duniani. Alikaa nyuma ya pazia jekundu lililopauka, katika kipembe kati ya kinanda na ukuta, penye mpini wa mti uliochomoza kama mpini wa pampu ya kisima. Akiupandisha na kuushusha, hewa inajaa na kinanda kinaimba. Akiuacha, wimbo unakufa. Mbele yake kilining'inia kipande cha risasi kwenye uzi: kikishuka, hewa ipo, kikianza kupanda, ongeza nguvu. Hicho ndicho alichokiona kanisani miaka yote hiyo, risasi na uzi.

Siku za kazi alikuwa msuka nyua. Mashamba yetu yamegawanywa kwa nyua za miti ya miiba, na zikiachwa zinakuwa msitu mrefu juu, matundu chini. Enoch alikata kila shina nusu, akalilaza, akalisuka kwenye vigingi, mpaka ng'ombe wa mwenye mashamba, Bwana Tudge, wasiweze kupenyeza hata pua. Mikono yake ilikuwa na miiba ya zamani iliyobaki ndani ya ngozi kama nukta za wino.

Kazi ya kinanda alipewa kwa mzaha. Kinanda kipya kilipofika mwaka 1904, Kasisi Lyde alimsimamisha njiani.

“Enoch, huimbi, husomi masomo, na mahubiri yangu unayalalia. Njoo basi ulale huku ukifanya kazi.”

“Nitalala vizuri zaidi, Kasisi, nikijua nina kazi,” Enoch akajibu.

Mwezi huohuo tulipata mwalimu mkuu mpya wa shule ya kijiji, Bi. Adelaide Gadd kutoka mji wa Worcester. Mwalimu wa Aldercote ndiye mpiga kinanda pia. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani na mwendo wa haraka, umri kama miaka thelathini na miwili. Mjomba alimzidi miwili. Mimi wakati huo nilikuwa msichana wa kwaya, nikaona siku ya kwanza alipolifungua pazia na kuchungulia.

“Wewe ndiye pumzi zangu?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Jina lako?”

“Preece, Mwalimu. Enoch.”

“Basi Bwana Preece, nikigonga mara mbili kwa kisigino, nataka hewa. Mara moja, inatosha. Na ukilala, nitakuja mwenyewe.”

Akalala. Ilikuwa Julai, wiki ya kukausha majani ya mifugo, na watu wote walikuwa hoi. Katikati ya wimbo kinanda kikaguna kama ng'ombe anayezaa, kikanyamaza. Mwalimu Gadd akainuka mbele ya kanisa zima, akalivuta pazia.

“Bwana Preece, sisi tumefika ubeti wa tatu. Wewe uko wapi?”

Hata Kasisi alicheka. Enoch alitoka jasho mpaka kola ikalowa. Miaka mingi baadaye aliniambia, “Ni siku ile.”

“Siku ya nini, mjomba?”

“Siku ile tu.”

Hakulala tena. Kila Alhamisi jioni, sisi wanakwaya tukishaondoka, Mwalimu alibaki saa moja kufanya mazoezi, na Enoch alibaki kumpa hewa. Hawakuzungumza sana. Lakini alipokuja hakuja mikono mitupu. Mara ameweka njugu za porini juu ya benchi la kinanda, mara uyoga ndani ya kofia yake, mara maua madogo ya urujuani yanayoota chini ya nyua kabla baridi haijaisha.

“Hivi umevitoa wapi, Bwana Preece?”

“Nyua zinatoa, Mwalimu.”

Kijiji kikaona, na kwa kijiji hakuna jambo dogo. Kwa mhunzi, wanaume wakingojea farasi wao wapigwe viatu, walimchokoza.

“Enoch, umeshamwona uso, au bado unamjua kwa visigino?”

“Namjua kwa visigino. Na visigino vyake vina akili kuliko kichwa chako.”

Juni 1909 safari ya kwaya ilitupeleka Aberystwyth, mji wa pwani, kwa treni. Enoch hakuwa ameiona bahari maishani. Mchana nilikaa kwenye mawe ya ufukweni nikila mkate na jibini, nao wawili wamekaa mbele yangu hatua chache, hawakujua kama nasikia. Mwalimu alikuwa amevua viatu. Mjomba alikuwa amenyoa mpaka shavu limekatika, na nilijua kwamba kwa wiki tatu nzima alikuwa akizungumza peke yake na nyua zake.

“Mwalimu,” akasema.

“Naam, Bwana Preece.”

Akaokota jiwe, akalirudisha chini. “Bahari hii inavuta pumzi yenyewe. Haihitaji mtu.”

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Kisha akaacha kucheka, akatazama maji, akasema polepole, “Mimi ninahitaji.”

Mlango ulikuwa wazi kama lango la zizi asubuhi. Na mjomba wangu akaviangalia viatu vyake. Akaviangalia mpaka mzee wa kanisa akaja mbio na saa yake mkononi, akipiga kelele kwamba treni haimngoji mtu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hata leo natamani ningelimpiga kofi.

Nilimuuliza nyumbani. Akakaa chini akaanza kunoa shoka lisilohitaji kunolewa.

“Nimpeleke wapi, Hester? Nyumba hii ni ya Bwana Tudge, na babu yako amelala chumba cha pili hajiwezi. Wasimamizi wa shule hawamtaki mwalimu mwenye mume. Akiolewa, shule imekwenda. Nyumba ni ya shule, nayo imekwenda. Kinanda kimekwenda. Mama yake anakaa naye, paa lake limekwenda. Nimnyang'anye vyote hivyo, halafu nimpe nini? Miiba?”

“Umemuuliza kama anaitaka miiba?”

“Mtu hamwombi mwenzake aruke kisimani.”

Babu akafariki mwaka 1911. Mama yake Mwalimu akafuata miaka miwili baadaye. Mimi nikiwa nimeshaolewa nikaja na keki nikamwambia, “Mjomba, sasa je?” Akasema msimu ule nyua zilikuwa nyingi, tungoje kiangazi. Kiangazi kikaja na vita.

Sitayasema mengi ya vita. Mume wangu Percy alikufa Ufaransa mwaka 1916, nikahamia kwa mjomba na sanduku moja, nikaanza kumpikia. Vijana kumi na mmoja wa Aldercote hawakurudi. Wote kumi na mmoja Mwalimu Gadd ndiye aliyewafundisha kushika kalamu.

Bamba la majina lilipowekwa ukutani kanisani mwaka 1920, Kasisi aliyasoma moja moja, na Mwalimu alitakiwa kupiga wimbo mara tu jina la mwisho likitajwa. Likatajwa. Kimya. Nilikuwa upande wa kwaya, nikamwona amenyoosha mikono juu ya vibao vya kinanda, na mikono haishuki. Watu wakaanza kukohoa. Kasisi akageuka. Mzee wa kanisa akainua nyusi kuelekea pazia, akidhani Enoch amelala tena.

Hakuwa amelala. Nilikuwa naisikia ile sauti ndogo ya mpini, kii, kaa, kii, kaa, polepole, haikatiki. Alikuwa akimwekea hewa. Mvukuto ukijaa na pasiwe na mpigaji, hewa inavuja, kwa hiyo lazima uendelee kuijaza bila kujua utaijaza mpaka lini. Aliendelea hivyo, nadhani dakika tatu au nne, na tatu kanisani ni ndefu. Halafu vidole vikashuka, na kinanda kikapokea mara moja, kwa sauti iliyojaa, kama vile hakuna kilichotokea.

Ibada ilipokwisha Mwalimu alikwenda nyuma ya pazia. Sikusikia walichosema. Alitoka macho mekundu na uzi wa buibui begani.

Ungedhani baada ya hapo wangesema. Walikuwa wamevuka hamsini wote wawili, au karibu yake, na Alhamisi zao walikuwa nazo, na nafikiri kila mmoja aliogopa kukigusa kile kidogo walichokuwa nacho kisije kikamwagika.

Mwaka 1927 dada yake Mwalimu huko Ludlow alipooza upande mmoja, na hakuwa na mtu mwingine. Mwalimu akatoa taarifa ya kuacha shule. Watoto walimchangia saa ya mezani. Jumapili yake ya mwisho alipiga kinanda mpaka kanisa likawa tupu, kisha akalifungua pazia, akampa Enoch mkono.

“Asante kwa pumzi, Bwana Preece.”

“Karibu, Mwalimu.”

Basi. Miaka ishirini na mitatu, na hayo ndiyo maneno. Mjomba akarudi nyumbani akala viazi vyake vyote, akaniuliza kama kuna vingine, akaenda bustanini akasimama karibu na mabanda ya kuku mpaka nikamwitia chai.

Binti wa Bwana Tudge akachukua kinanda. Alipiga haraka kama anayekimbia mvua. Enoch alimpa hewa yake, hakulalamika, ila Alhamisi jioni alikuwa hana la kufanya, akawa ananyoosha misumari iliyopinda.

Barua zikaanza. Mwalimu aliandika kila baada ya miezi mitatu hivi, na kwa kuwa mkono wa mjomba ulikuwa mzito kwa kalamu, mimi ndiye niliyemwandikia majibu. Alisema maneno yake akitembea jikoni: ua wa shamba la chini umeota vizuri, mke wa mhunzi amepata mapacha, mbweha amechukua jogoo. Kila barua ikifika mwisho alisimama.

“Ongeza kwamba...” Nikangoja na kalamu. “Hapana. Acha. Weka jina langu.”

Hivyo hivyo barua nane. Ya tisa nilichoka. Alipotoka kwenda kuteka maji niliongeza kwa mkono wangu: *Mjomba kila mara anataka kuongeza neno moja, kisha anasema acha. Mimi nalijua hilo neno, na nafikiri nawe unalijua. Nisamehe.* Nikaifunga bahasha.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja, na bahasha ilikuwa na jina langu.

*Mpendwa Hester, nalijua tangu Aberystwyth. Nililingoja mpaka treni ilipopiga filimbi, na baadaye nikazoea kulingoja. Mwambie kwamba sitalipokea kwa mwandiko wa mtu mwingine. Jumatatu ya Pentekoste niko nyumbani.*

Nilimsomea. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nilidhani atanigombeza.

“Umeandika nini, mtoto wewe?”

“Nina miaka thelathini na tisa, mjomba.”

“Umeandika nini?”

Nikamwambia. Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akasema, “Suti yangu imeliwa na nondo?”

Ilikuwa imeliwa. Niliishona kwapani, na Jumatatu ile nikampeleka stesheni ya Leominster kwa gari la mchukuzi, na kapu la tufaha za mwaka uliopita, zimekunjamana lakini tamu. Jioni nikarudi kumpokea. Alishuka bila kapu na bila kofia. Kofia aliisahau huko.

“Umesema?”

“Nimesema.”

“Akasemaje?”

“Akasema amesikia.” Tukatembea kidogo. “Akasema pia mimi ni mjinga. Mara mbili.”

“Na wewe?”

“Nikakubali mara zote mbili.”

Hawakuoana. Dada yake hakuweza kuachwa hata saa moja, na nyumba ile ilikuwa na vitanda viwili na ngazi nyembamba; na mjomba, nje ya mashamba yetu, angekuwa kama mti uliong'olewa. Lakini kila Pentekoste alikwenda Ludlow, na kuanzia mwaka uliofuata alikwenda na Septemba pia. Walikaa dirishani na yule dada mgonjwa katikati yao, wakamenya njegere. Alirudi kila mara kama mtu aliyeshiba na bado ana njaa, na kwa siku mbili tatu nilimsemesha hakunisikia.

Februari 1935 alinyeshewa akiwa kwenye ua wa barabara ya juu, akapata homa ya mapafu. Alikuwa kitandani siku sita, kisha akafariki. Nilimpelekea Mwalimu simu ya maandishi, lakini ilibidi kwanza apate jirani wa kumwangalia dada yake, na alipofika tulikuwa tumeshamzika tangu asubuhi.

Nilimkuta langoni, mvi kichwa kizima, mkoba mkononi. Nikamuuliza kama atakunywa chai. Akanywa. Akala na mkate. Nikamweleza ilivyokuwa, nani alikuja, nani alibeba jeneza. Alipoweka kikombe chini aliniuliza kwa adabu, kama mgeni anayeomba chumvi, kama anaweza kulala siku mbili katika chumba cha Enoch.

Nikapanda juu nikamtandikia shuka safi. Alikaa mpaka Alhamisi, jioni yao ya kinanda.