Maji Yaliyompotea Kunzes

Kunzes alikuwa mgawa maji wa kijiji chetu cha nyumba kumi na tisa huko Zanskar, milimani kaskazini mwa India, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemshika kosa. Mvua yetu hailowanishi hata vumbi. Shayiri hunywa theluji ya mlimani, inayoyeyuka na kushuka kwa kijito kimoja. Kunzes alijua saa ya maji kwa kivuli cha mwamba. Kikifika mferejini, alichukua koleo, akamfungulia huyu mfereji, akamzibia yule.

Mwaka ule, wiki mbili baada ya ardhi kutikisika, kivuli kilifika na maji hayakuja. Kesho yake yakaja asubuhi, mlima ungali umeganda. Siku ya tatu likaja tope, kisha hakikuja kitu tena. Kunzes akadhani amechanganya siku. Akawa anawauliza watu leo ni siku gani.

Jirani yake Phunchok, aliyekosa zamu mbili, alimfuata mferejini. Alikuwa amesikia kwamba Kunzes anampendelea kaka yake mwenyewe.

“Dada, niambie ukweli tu. Maji umempa nani?”

“Sijui yaliko, Phunchok. Ukitaka, twende tukayatafute wote.”

Wakapanda nusu siku. Huko juu kijito kilijaa, kinanguruma. Wakakifuata kushuka, na penye changarawe, chini ya ukingo ulioporomoka, kikaishia. Hakikupinda wala kukauka, kilizama tu. Phunchok akalala kifudifudi, akatega sikio kwenye mawe. Akasema maji yanakwenda kushoto. Kunzes akasikiliza, akasema kulia. Wakachimba mpaka vidole vikatoka damu, wakapata mchanga mkavu. Kurudi, Phunchok hakutaja tena habari za kaka.

Mazao ya mwaka huo yalikufa. Mwezi wa nane mchunga mbuzi akakuta maji yakibubujika ng'ambo ya bonde, kwenye mawe matupu yasiyo na mwenyewe. Mtaalamu akaja kutoka mjini, akaeleza habari za nyufa zilizofunguka chini ya ardhi. Akaja wa pili, akasema wa kwanza amekosea.

Nyumba kumi na moja zikahamia huko, wakamwomba Kunzes awagawie. Alikataa mwaka mzima. Alisema hawezi kugawa kitu asichokielewa, maana siku nyingine maji ya huko yalijaa wakati wa baridi na kupungua juani. Phunchok akamjibu kwamba hata wao hawaelewi, ila wana kiu.

Kunzes akahama na koleo lake. Shayiri yake ya kwanza kule ilitoka fupi, lakini masuke yalijaa.