Mkwe Asiyesikika

Kama ungemwuliza Mzee Gidamis wa Mogitu akueleze habari zake, habari ya upofu ungeisubiri sana. Angeanza na mpira. Alikuwa na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na timu yake ikishinda, wachezaji walikuwa hodari. Ikifungwa, betri zilikuwa zimeisha nguvu. Kesho yake angezianika juani juu ya bati, kwa hasira, kana kwamba ndizo zilizokosa penati.

Baada ya mpira angekueleza nyuki wake, ambao mizinga yao ilining'inia kwenye migunga nyuma ya boma, na ambao kwa maelezo yake hawajawahi hata siku moja kumwuliza kama anaona. Halafu fimbo alizochonga na kuzilainisha kwa kipande cha chupa. Halafu kwaya. Mzee Gidamis hakubatizwa na hakuwa na haraka ya kubatizwa, lakini kila Jumapili aliimba besi kanisani, na mahubiri yakianza alitoka nje kupunga upepo wa mlimani mpaka wimbo unaofuata. Katekista alishamkatia tamaa. Majirani walimwonya kwamba mtaka yote hukosa yote. "Mimi nimeshakosa macho," aliwajibu. "Kwa nini haya mengine niyaache?"

Macho yaliondoka kwa ugonjwa wa vikope mwanawe Gerald akiwa ananyonya, na mama wa mtoto akafariki kabla mtoto hajajua kutembea vizuri. Ndugu walitaka kumchukua mtoto. Mzee akakataa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mifugo, alimlea kwa akili za mifugo: alimfunga kengele ya mbuzi kiunoni. Watu walicheka mpaka wakalia. Lakini kengele ilimwambia mtoto yuko wapi, anakimbia au anachuchumaa, na kama anapanda mahali pasipopandwa. Ilifanya kazi mpaka siku Gerald alipogundua kwamba kengele iliyojazwa majani haisemi. Walimkuta jioni bwawani. Tangu hapo mzee aliogopa ukimya, na Gerald alichapwa zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kupiga kelele.

Mtoto akakua, akawa utingo kwenye lori la Babati na Singida. Mwaka alipooa, wilaya yao ya Hanang ilikuwa imehamia mkoa mpya wa Manyara, na watu bado walikosea wakafunga safari ya Arusha kwa shida ambayo sasa ilikuwa ya Babati. Gerald yeye hakukosea njia: alikwenda Yaeda Chini akarudi na mke. Jina lake Hilaria.

Mzee Gidamis alifurahi kuliko bwana harusi. Nyumba ilikuwa ya wanaume wawili kwa miaka mingi, na mmoja wao sasa alishinda barabarani. Hatimaye pangekuwa na mtu wa kusikika humu ndani. Alinunua betri mpya.

Sasa, katika ukoo huu mke hamtaji baba mkwe jina lake, hamtazami usoni, wala hamsemeshi. Akikutana naye njiani, anatoka pembeni, anachuchumaa na kuinamisha kichwa mpaka mzee apite. Ni heshima kubwa, na ilitungwa na watu wenye macho. Zamani haikuwa na shida hata kwa kipofu, kwa sababu mke alivaa bangili za shaba mkono mzima, na yeye akinyamaza, bangili ziliongea. Tena boma lilikuwa na mama mkwe na watoto wa kupeleka maneno huku na huku. Hilaria alikuta boma halina mtu wa katikati. Na kuhusu bangili, soko huria lilikuwa limeshafika mpaka Yaeda: binti alivaa raba za mtumba kutoka mnada wa Katesh, laini kama nyayo za paka.

Kwa hiyo Mzee Gidamis alipata mkwe ambaye hakuweza kuthibitisha kwamba yupo. Chai ilikuwepo asubuhi, ya moto, upande wa kulia wa kigoda chake. Ugali ulikuwepo. Shuka lake lilinukia sabuni. Lakini mtu hakuwepo. Akiuliza, "Kuna mtu?", alijibiwa na kuku.

Akaamua kwamba binti anapika kisha anakimbilia kwa majirani. Naye akarudia tabia zake za upweke: aligombana na mtangazaji wa mpira kwa sauti, alijisifu, alijikuna panapokunika, na siku moja aliimba besi huku akicheza peke yake katikati ya uwanja, mikono juu, akizunguka. Hilaria alikuwa amechuchumaa karibu na mlango wa jikoni, kichwa chini kama alivyofundwa. Kichwa kilikuwa chini. Macho, tusimtetee sana.

Ilipofika mwezi wa tatu tangu Hilaria aje, mzee alianza kukonda kwa mawazo. Si kwamba hakuijua mila, alizaliwa nayo. "Mila inamkataza kusema na mimi," alimlalamikia jirani yake Joakimu. "Haimkatazi kugonga sufuria. Huyu hata sufuria hagongi! Mtu anayenyamaza hivyo amekuchukia."

"Mfunge kengele," alisema Joakimu.

Mzee hakucheka, na hapo ndipo Joakimu alipojua kwamba jambo ni zito.

Gerald naye alikuwa amepata chumba cha kupanga Katesh. Alimwachia baba yake uamuzi: Jumamosi akija, aambiwe kama amchukue mkewe au amwache Mogitu. Mzee Gidamis alilala na neno hilo, akaamka nalo, na Ijumaa mchana alikuwa ameshaamua. Binti aondoke. Asingemng'ang'ania mtoto wa watu.

Alikaa kwenye kigoda uwanjani, betri zake zikiota jua, na karibu yake amelala beberu mzee aliyeitwa Diwani, kwa sababu alikula kila mahali na hajawahi kujibu swali.

"Diwani," mzee alisema, "kesho nitamwambia Gerald amchukue mkewe. Hanitaki, na simlaumu. Alikuja kuolewa na kijana, akapewa kipofu wa nyongeza. Nilidhani nitapata mtu wa kubishana naye mpira. Tangu mama Gerald afe sijatamani kusikia nyayo za mtu kama nilivyotamani mwaka huu. Inaniuma, Diwani. Lakini nitasema amchukue."

Hatua chache kutoka hapo, Hilaria alikuwa amechuchumaa na ungo wa mahindi. Alikuwa akipita kwenda kupepeta, mzee akageuza uso upande wake, na mila ikamshusha chini. Miguu ilikuwa imeshaingia ganzi. Nyumba hii aliipenda. Chumba cha Katesh hakukitaka. Na baba mkwe hasemeshwi.

Lakini alipotafuta katika mafundisho yote ya shangazi zake, hakukumbuka hata mmoja aliyesema kwamba mbuzi hasemeshwi.

"Wewe Diwani," alisema.

Mzee Gidamis aliruka kwenye kigoda. Kwa kitambo kifupi alimfikiria yule beberu mambo mengi.

"Wewe Diwani, mwambie mwenye boma hili kwamba mtu hakumkimbia. Mtu yupo hapa. Kila siku mtu alikuwepo."

Mzee aligeuza uso pale beberu alipokuwa. "Diwani," alisema, "mwulize huyo mtu, kwa nini hata sufuria hagongi?"

"Mwambie alifundishwa na shangazi zake. Walisema, mkwe wako hana macho, hataona ukiinamisha kichwa. Heshima yako ataipima kwa masikio, kwa hiyo asikusikie kabisa. Mtu ameweka sufuria chini kama yai, Diwani, mpaka mgongo unauma."

Mzee alianza kucheka, kisha akakumbuka jambo. "Mwulize... siku ile nilipocheza?"

Hilaria alitafuta neno la adabu. "Mwambie besi ni nzuri sana. Miguu ndiyo inayochelewa."

"Ah!"

"Na mwambie timu yake ilifungwa kwa sababu beki wa kulia hakabi. Betri hazina kosa lolote. Na Katesh mtu haendi, kama mzee hamfukuzi."

Mzee Gidamis alijifuta macho yale yasiyoona, ambayo kumbe kazi moja yalikuwa bado yanaijua. "Mwambie hafukuzwi," alisema. "Mwambie Gerald atamwachia mtu mwingine hicho chumba. Lakini beki wa kulia, Diwani, mwambie hapo hajui kitu! Beki hawezi kukaba peke yake kama winga harudi nyuma!"

"Mwambie winga alirudi. Hata mtangazaji alisema."

"Mtangazaji yule ni mwongo!"

Diwani aliinuka, akajinyoosha, akaenda zake kutafuta majani nyuma ya zizi. Kwato zake zilisikika wazi zikiuvuka uwanja, na mzee hakuwa mtu wa kupitwa na sauti. Hilaria naye alimwona akiondoka. Hakuna aliyemwita arudi, na ubishi ukaendelea.